Jibini Mbele ya Wakwe

Absalom Ngowa alikuwa na namna yake ya kusema "sisi". Akisema, "Sisi hatuli muhogo asubuhi," mgeni angedhani anawasema mkewe na bintiye, au watu wa ukoo wake kule Rabai. Sivyo. "Sisi" ya Absalom ilikuwa ni yeye na Bwana Kapteni na Bibi Kapteni wa Port Reitz, ambao aliwapikia, akawaoshea sahani na kuwapigia pasi hadi soksi. Mkewe, Kaviha, alikuwa amezoea. Wanapokula sima kwa mboga ya mchunga, naye Absalom akaanza na "sisi" yake, Kaviha humeza tonge na kumtazama kama mtu amtazamavyo jogoo aliyepanda juu ya paa la kanisa. Hamfukuzi, ila hamsifu.

Kaviha hakuolewa na mtu wa namna hiyo. Walipooana na kuhamia Changamwe, Absalom alikuwa mtumishi mdogo wa kumenya viazi, mpole, mwenye kucheka, na akila muhogo asubuhi, mchana na jioni pasipo kuuliza wazungu wanakula nini. Kilichomharibu ni sifa. Kwanza alisifiwa supu, kisha mkate, kisha pudini. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji; mgema wetu huyu alilitia bahari nzima. Akaanza kutembea na kitambaa begani hata siku asiyokwenda kazini. Akaacha kula kwa mkono mbele ya watu. Akaanza kumrekebisha mwinjilisti matamshi.

Halafu ikaja vita, na vita ikaleta jibini.

Meli za vyakula zilikuwa zimekuwa haba, na jibini ya kopo haikuonekana tena madukani. Bibi Kapteni, ambaye wageni wake walikuwa wengi kuliko sahani zake, alimfundisha Absalom kutengeneza jibini laini ya nyumbani. Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko kupika uji. Unapasha maziwa moto mpaka yakaribie kuchemka, unakamulia ndimu, maziwa yanakatika. Unayamimina katika kitambaa safi, unakitundika msumarini, maji yanadondoka, na kinachobaki ndani ndiyo jibini. Unaitia chumvi kidogo, unaikanda pamoja na tende zilizokatwakatwa, unaifinyanga kama donge, unaibingirisha juu ya korosho zilizokaangwa na kupondwa. Wageni huipaka kwenye biskuti kavu na kuonjaonja kabla ya chakula chenyewe. Hayo tu. Lakini ukimsikia Absalom akilisimulia jambo hilo ungedhani amelijenga daraja la Nyali peke yake, usiku, bila taa.

"Bwana mmoja wa manowari aliniuliza nimesoma wapi," alimwambia Kaviha.

"Ukamwambiaje?"

"Nilicheka tu. Sisi hatujisifu."

Sasa huyu Kaviha hakuwa mwanamke wa kugombana. Alichokuwa nacho ni dharau, na dharau yake alikuwa akiitunza vizuri kama watu watunzavyo nguo ya Krismasi. Angeendelea kuitunza hivyo mpaka kaburini kama si habari ya Dorcas, binti yao wa pekee. Dorcas alikuwa mtu mzima sasa. Wenzake aliobatizwa nao walikuwa na watoto wa kutumwa dukani. Waposaji wawili walikwisha kuja nyumbani kwa Absalom, na wote wawili Absalom aliwafukuza kwa maneno: mmoja kwa sababu alikunywa chai kwa kisahani, mwingine kwa sababu baba yake alikuja pekupeku. Sasa alikuwa amejitokeza wa tatu, Mwarandu, kijana wa kazi ya reli pale Changamwe, mwana wa Mzee Ruwa wa Rabai. Dorcas alimtaka. Hakulisema kwa kinywa, lakini tangu kijana huyo aanze kupita njia yao, binti alikuwa akifagia uwanja mara nyingi hata vumbi lenyewe likachoka. Kaviha aliona, na akajua kwamba huyu akifukuzwa, hatakuja wa nne.

Habari ikaja kwamba wazee wa Rabai watafika Jumapili baada ya ibada.

"Watakuja na kadzama," Kaviha akasema.

Watu wa kwao hawaposi kwa mdomo mkavu. Mwenye kuposa hutanguliza kibuyu cha tembo la mnazi, ndiyo kadzama hiyo, na baba wa binti akikipokea kikanywewa, vinywa vya wazee vimefunguliwa, maneno yasemwe. Kisiponywewa, hata wakikaa mpaka kuku walale, binti hatatajwa, maana mlango wa kumtaja haupo. Wakristo nao walikuwa na njia yao. Mwinjilisti mwenyewe, ambaye hakuonja tembo tangu abatizwe, alipoposewa binti zake alikigusa kibuyu kwa mkono wa kulia akampa nduguye anywe. Mungu hakumkasirikia, na binti zake wote wameolewa.

"Tembo haliingii nyumba hii," Absalom akasema.

"Liguse tu, Baba Dorcas. Kisha mpe kaka yako anywe."

"Nguma?" Absalom aliweka chini kikombe chake, na kidole cha mwisho kikabaki kimesimama hewani. Nguma alikuwa kaka yake mkubwa, mgema wa minazi kule Kisauni, na hakuna mtu duniani ambaye Absalom alimdharau zaidi. "Yule hunuka mnazi kabla hajabisha hodi. Wataka nimketishe mbele ya watu?"

"Hao watu ni wa Rabai. Nao wanuka mnazi."

"Ndiyo maana nataka kuwafundisha." Akamwinamia, kama mtu anayetoa siri kubwa. "Sikiza, Mama Dorcas. Kwa Bwana Kapteni wageni wakifika, kwanza ni jibini. Wanaonja, wanazoeana, ndipo maneno huanza. Sasa hiyo si kadzama? Ni kadzama ya watu waliostaarabika. Nitawafanyia jibini."

Kama mumewe angekuwa ameisahau mila, Kaviha angemkumbusha. Lakini hakuisahau. Aliijua vizuri, akaiweka kwenye mizani pamoja na donge la maziwa, akaona donge ndilo zito. Mtu wa namna hiyo humwambii kitu.

Jumamosi nyumba yote ikawa jiko la Port Reitz. Maziwa yalinunuliwa kwa Musyoka, aliyefuga ng'ombe nyuma ya mabanda ya reli. Korosho alizikaanga Kaviha mwenyewe, akazibangua, na mafuta yake yakamchoma vidole kama kawaida ya korosho. Ulipofika wakati wa kuchuja, Absalom akatafuta kitambaa safi kuliko vyote nyumbani, na hakukosa kukipata. Kaviha alipotoka kisimani alikikuta kile kitambaa chake cheupe cha kichwani, anachovaa akienda kushiriki meza ya Bwana, kimening'inia msumarini, kimejaa maziwa, kinadondoka.

Alikaa juu ya kinu akakitazama kikidondoka, na moyoni alimwita mumewe majina ambayo mke wa Kikristo hapaswi kuyajua.

Jioni, Absalom alipokwenda kuoga, Kaviha alichovya kidole katika jibini akaramba. Ilikuwa tamu. Utamu wa tende na chumvi na ule mlio wa korosho menoni, vilipatana vizuri sana. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Chakula hakikuwa na kosa, na hangepata hata faraja ya kukitemea mate. Akafunika bakuli, na mpaka leo hajamwambia mtu.

Wakaja Jumapili: Mzee Ruwa, baba wa kijana, Mzee Kombe, msemaji wao, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu, na wazee wengine wawili wa kukaa na kuitikia. Kombe alikishika kibuyu kwa mikono miwili. Kaviha na Dorcas walikuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumbani, kama ilivyo desturi, na pazia lile lilikuwa na tundu ambalo Kaviha alilijua.

Alichokiona kwa tundu hilo hakukitegemea hata kwa Absalom. Mumewe alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya kazini, imetiwa uwanga mpaka inasimama yenyewe, na mshipi mwekundu kiunoni. Alikipokea kibuyu, ndiyo, kwa vidole viwili, akatoka nacho nje akakiweka karibu na banda la kuku. Kisha akarudi na sinia. Viti aliwapa wageni wote. Yeye hakukaa. Alisimama nyuma yao, mkono mmoja mgongoni, akainamisha sinia pembeni mwa bega la Mzee Ruwa.

Siku zote hizo za kuutazama ustaarabu, Absalom aliutazama akiwa amesimama. Hakujua namna nyingine ya kuwa nao.

"Karibuni jibini," akasema. "Ni ya kuonja kwanza."

Mzee Ruwa alitazama sinia, akamtazama Kombe. Kombe akageuza shingo polepole mpaka akamwona mwenye sinia.

"Ahsante," akasema. "Na mwenye nyumba yuko wapi? Tumekuja kumsalimu."

"Ndimi," Absalom akasema, na akacheka kidogo, kama achekavyo Bwana Kapteni.

"Basi keti, bwana, tupate kuonana."

"Kwanza onjeni. Sisi huanza hivi."

Wakaonja, kwa kuwa ni watu wa adabu. Mmoja alilishika donge lake mkononi mpaka likamomonyoka na kumwangukia kwenye mkono wa kanzu. Mwingine alitafuna, akaacha kutafuna, akafikiri, akameza. Mzee Ruwa aliliweka lake chini ya kiti taratibu, na kuku wakaingia wakalimaliza. Kombe peke yake ndiye aliyekula akamaliza, na alipomaliza akauliza kwa upole, "Maziwa haya yalikuwa yanaumwa?"

Absalom akawaeleza. Aliwaeleza habari za ndimu na kitambaa, za biskuti, za bwana wa manowari. Alizunguka na sinia mara ya pili, na ya tatu. Wazee wakazungumza juu ya mvua. Wakazungumza juu ya vita, na bei ya mahindi, na mzee fulani wa Rabai aliyeanguka mnazini. Kila walipofika mwisho wa neno walitupa macho mlangoni, upande wa banda la kuku, wakingoja kibuyu kirudi ndani. Hakikurudi. Nyuma ya pazia Dorcas alikuwa ameushika mkono wa mama yake, na kucha zake zilikuwa zikiingia nyamani.

Mwishowe Kombe akasimama. Akashukuru kwa chakula. Akashukuru kwa viti. Akatoka nje, akakiinua kibuyu chao kilichojaa vilevile kilivyokuja, akakipangusa mavi ya kuku kwa jani la mgomba, na wote wakashika njia ya Rabai.

"Umewaona?" Absalom akamwambia mkewe, akikunja kitambaa. "Wameshikwa na bumbuwazi. Hawajapata kuona kitu kama kile."

"Mwanao hakutajwa."

"Watarudi."

"Kibuyu kimeondoka kimejaa, Baba Dorcas. Kibuyu kikiondoka kimejaa, watu hawarudi. Kesho nenda kwa Mzee Ruwa. Mwambie umekosea. Si lazima ulinywe hilo tembo, sema tu umekosea."

Absalom akamtazama kwa huruma, ile huruma yake ya Port Reitz. "Mimi niende kumwangukia mtu aliyelisha kuku jibini yangu?"

"Ni kwa ajili ya Dorcas."

"Dorcas ni binti wa Absalom Ngowa. Wakimtaka, watajifunza kumtaka kistaarabu."

Kaviha alisikia moyoni kitu kikifunga, bila kishindo, kama kifuniko cha sanduku. Miaka yote aliyomdharau mumewe alikuwa bado akimwogopa kidogo, maana ndiye baba. Siku hiyo woga ulikwisha ikabaki dharau peke yake, nayo ilikuwa nyepesi kuibeba kuliko alivyodhani.

Asubuhi Absalom alipokwenda kazini, Kaviha alijifunga leso yake ya kutokea, akamchukua Dorcas, wakavuka Makupa, wakapita mjini, wakavuka daraja la Nyali hadi Kisauni kwa Nguma.

Usidhani kwamba huko walimkuta mtu wa maana. Nguma alikuwa amelala chali kwenye jamvi, mdomo wazi, fulana imetoboka tumboni. Alikuwa mvivu, msemaji, na mkewe wa pili alikwisha kimbia kwa sababu ya maneno yake mengi. Kaviha hakumpenda hata kidogo. Lakini alikuwa kaka mkubwa wa Absalom, baba mmoja mama mmoja, na Dorcas alikuwa bintiye kama alivyokuwa binti wa Absalom. Akamweleza yote.

Nguma akaketi. Alicheka kuhusu kuku mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akamtazama Dorcas.

"Shemeji," akasema, "wataka niketi kwenye jamvi langu mwenyewe, niletewe tembo na watu wengine, ninywe?"

"Ndiyo."

"Hiyo siyo kazi. Hiyo ni sikukuu." Akajikuna. "Lakini mdogo wangu atakasirika."

"Na akasirike."

Ujumbe ukaenda Rabai kwamba baba mkubwa wa binti yuko tayari kusikiliza. Wazee wakaja walewale, na Kombe akiwa na kibuyu kilekile. Nguma alikuwa ameoga, jambo ambalo majirani walilizungumza muda mrefu. Alikaa. Hilo ndilo alilofanya, na lilitosha: alikaa chini kwenye jamvi mbele yao, goti kwa goti, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakiweka mapajani.

"Dorcas," akaita.

"Abee, baba."

"Wakwe wameleta tembo. Tulinywe, tusilinywe?"

Dorcas aliinamisha kichwa. Kaviha alidhani hatajibu, kisha akamsikia, sauti ndogo lakini nzima. "Linyweni, baba."

Wakalinywa, na maneno yakasemwa.

Usiku huo Kaviha hakumficha mumewe. "Dorcas ameposwa," akamwambia. "Tembo limenywewa Kisauni kwa kaka yako."

Absalom alicheka kwanza. Akasema Nguma hawezi kuposewa hata bata. Alipoona mkewe anaendelea kuchambua mchele wake, akapandisha sauti, akataja sheria, akamtaja Bwana Kapteni. Mwisho akasema, "Vyema. Siku ya harusi watu wataona baba ni nani."

Harusi ikawa. Baada ya kanisani, watu wakaenda kula Kisauni, kwa kuwa ndiko binti alikoposewa na ndiko anakotolewa. Absalom alifika na koti la Bwana Kapteni, jeusi, lenye mikia, katika jua la mchana. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye majamvi waliyokaa wazee. Nguma alikuwa katikati, na Mzee Ruwa mkono wake wa kulia. Waliokaa pale wote ni wale waliokunywa pamoja siku ile, na hakuna aliyesogea.

Kombe ndiye aliyeinuka kumpokea. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na sauti yake ilikuwa ya adabu tupu.

"Karibu, bwana. Siku ile ulitusimamia tukala, tukaona unavyoipenda kazi yako. Hatutaki kukuzuia nayo. Wanawake wamelemewa na wali kule uani, watu ni wengi. Tusaidie."

Absalom akatazama huku na huku. Akamtafuta Dorcas, na Dorcas, aliyekuwa ameketi na mumewe ubavuni mwa Nguma, akaangalia leso iliyokuwa mapajani mwake. Akamtafuta Kaviha. Kaviha alikuwa mlangoni mwa jiko akimtazama, na alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na hakulisema. Alisogea tu kidogo ili mtu apate kupita.

Basi akapita. Akavua koti akalitundika kwenye mti wa ua, akakunja mikono ya shati. Na pale kwenye sufuria kubwa, wallahi, alijua la kufanya: akapunguza moto, akawagawia wanawake kazi, akaonja, akaongeza chumvi. Kwa kitambo uso wake ulitulia kabisa, ukawa ule wa kijana wa kumenya viazi. Kaviha aliuona, na ulimchoma kidogo. Lakini uso huo ulikuwa umechelewa.

Kutoka mbele zikaja sauti za watu kunyamaza. Nguma alikuwa amemwita Dorcas apige magoti. Alivuta tembo kinywani, akamnyunyizia kifuani kama wazee wafanyavyo wakibariki, mara ya kwanza na ya pili, akasema, "Mwanangu, nenda ukazae, ukalale salama, ukarudi kwetu kwa miguu yako." Dorcas akaitikia. Watu wote wakaitikia.

Absalom alikuwa amefika pembeni mwa ua, mwiko mkononi, akachungulia. Midomo yake ilicheza, kana kwamba maneno yale anayajua naye na anayafuata. Huenda aliyajua. Baba yake alikuwa amewasemea dada zake wote.

Kaviha akaja akasimama nyuma yake.

"Baba Dorcas," akamwambia, "wali waungua."

Absalom akageuka akaenda kuutazama.